Elgon mwezi wa pili: moshi, upepo na apu tatu zinazobishana

Dada mmoja wa Kisumu ameniuliza hivi: "Kaka, tuko watano, tunataka kupanda Elgon wiki ya pili ya Februari, siku nne na begi mgongoni, tunaingilia geti la Chorlim tufike kilele cha Koitobos na kurudi. Mdogo wangu ana pumu. Mwaka jana tulifika Kitale tukakuta moshi, mlima hauonekani, tukageuza. Sasa nimeangalia apu tatu, moja inasema mvua siku ya pili, nyingine inasema jua tupu, ya tatu inabadilika kila nikifungua, na ramani ya hewa chafu inaonyesha Elgon kijani kila siku. Niamini gani?"

Dadangu, kwanza pole kwa nauli ya mwaka jana, lakini mlifanya vizuri kugeuza, na ningependa watu wengi wanaokuja kwangu hapa Nakuru wakitaka kupelekwa milimani wawe na moyo kama huo. Jibu la haraka ni hili: amini upepo kwanza, halafu ukavu wa nyasi, halafu simu ya mtu aliye kule juu siku hiyo, na ile rangi ya kijani uiweke mwisho kabisa. Sasa wacha nieleze kwa nini maana hapa ndo watu wengi wanapotea.

Hiyo ramani ya hewa chafu haijapimwa Elgon. Ushauri mwingi wa moshi unaopatikana kwa intaneti umeandikwa na Wamarekani, na kwao unafanya kazi, mtu akitaka kutembea milima ya California au Oregon anafungua ramani ya AirNow anaona vipimo vya mashine za miji iliyo karibu, anajua leo moshi umekaa wapi. Huku kwetu magharibi mashine za kupima ni chache sana, kwa hivyo apu inajaza pengo kwa hesabu ya kompyuta. Nyingi zinachukua hesabu ya Copernicus, ile huduma ya Ulaya ya kufuatilia hewa, na hiyo inagawa dunia kwa miraba ya kama kilomita 40 kila upande. Fikiria mraba wa kilomita 40 hapo Elgon, umeshika kilele, msitu, mashamba ya mahindi ya Endebess na pengine Kitale yenyewe, vyote vinapewa namba moja. Moto wa nyasi ulioanza saa tano leo kwenye bonde moja hauwezi kuonekana hapo. Kijani maana yake ni kwamba kwa wastani eneo lote liko sawa, haimaanishi pua ya mdogo wako itakua sawa ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano kule juu.

Na kile tunachoogopa ni chembe ndogo zinaitwa PM2.5, ndogo kuliko mikromita 2.5, zinapita pua na koo zinaingia ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema wastani wa siku nzima usipite mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Ukiwa umekaa kwa kiti unavuta hewa kidogo, ukipanda mlima na begi la kilo 14 unavuta mara kadhaa zaidi, tena kule juu hewa yenyewe ni nyepesi kwa hivyo unahema zaidi. Moshi ambao Kisumu ungeusikia tu kama harufu ya shamba la miwa likichomwa upande wa Muhoroni, kule mita 3,500 unakukaba.

Shida ya pili ni tarehe yenyewe. Kila mtu anasema Elgon ipandwe Desemba mpaka Februari kwa sababu hakuna matope, na ni kweli, lakini jua lile lile linalokausha njia ndo linakausha nyasi. Miezi mizuri ya kutembea na miezi ya moto ni miezi ile ile. Angalia tu mioto mikubwa ya milima yetu, Longonot iliwaka Machi 2009, Mlima Kenya Machi 2012, Aberdare Februari 2022, yote mwisho wa kiangazi kabla masika haijashika. Juu ya mstari wa msitu Elgon ina nyasi za mafungu mafungu na vichaka vya erika, yale majani membamba kama sindano, yana mafuta ndani, yakikauka yanalipuka kama karatasi. Kwa hivyo kama likizo yenu inasogezwa, mimi ningevuta safari hadi katikati ya Desemba au wiki ya kwanza ya Januari, mvua imeshaachia lakini ardhi bado ina unyevu na vijito bado vinatiririka. Kama lazima iwe Februari, sawa, inawezekana, ila muangalie mvua za Oktoba hadi Desemba zilikuaje huko Trans Nzoia. Zikikosa, nyasi zimekauka mapema. Zikizidi halafu Januari ikawa kavu kabisa, hiyo pia mbaya, maana nyasi zimeota ndefu na sasa zote ni kuni.

Sasa upepo. Miezi hiyo kaskazi ndo inatawala, inavuma kutoka kaskazini mashariki, na upande wetu wa Kenya wa Elgon unaupokea uso kwa uso. Moto ukiwa mabonde ya Suam na nchi ya Pokot, moshi wake una njia ya kuja kwenu. Tena Desemba hadi Februari ndo msimu wa kuchoma nyasi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, kwa hivyo kuna siku anga yote inakua na utusitusi wa rangi ya chai hata kama hakuna moto hata mmoja mlimani. Huo utusitusi wa mbali unaudhi macho lakini si sawa na moshi wa moto wa karibu, usivipe uzito mmoja.

Kuna upepo mwingine mdogo ambao apu haziuoni vizuri na huo ndo unaamua usiku wenu utakuaje. Mchana jua likipasha miteremko, hewa inapanda mlima na kubeba moshi wa chini juu. Usiku hewa baridi inateremka kama maji na kutuama mabondeni, moshi unatuama nayo. Nimeujua huu mchezo hapa hapa Nakuru. Ukifika ukingo wa Menengai alfajiri, kabla jua halijapanda, unaangalia chini unaona mji umefunikwa na blanketi la kijivu, moshi wa makaa na takataka umelala pale, paa za Section 58 hazionekani vizuri, na wewe juu unavuta hewa safi ya baridi. Ikifika saa nne hivi jua limevunja lile blanketi, moshi unapanda, na sasa unakufuata pale pale ulipokua unajisifu. (Usichanganye na mvuke wa visima vya jotoardhi ndani ya kreta, ule ni mweupe sana na unapotea haraka hewani, moshi una rangi ya udongo na hauishi.) Elgon inafanya hivyo hivyo lakini kwa ukubwa zaidi. Kwa hivyo tenti msiziweke chini kabisa ya kreta au kwenye kibonde cha kijito eti kwa sababu maji yako karibu. Tafuteni bega la mlima, mita hamsini au mia juu ya bonde, mtapigwa na upepo kidogo lakini mtaamka mnapumua. Na mwendo mgumu ufanyike mapema, mnaondoka kukipambazuka na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, akikubali, maana msitu wa chini una nyati na tembo na hamtembei bila yeye, mkifika saa sita muwe mmeshamaliza kupanda.

Kwa moto wenyewe tumia FIRMS ya NASA, ni bure na inafunguka kwa simu. Ina nukta nyekundu za mahali setilaiti imeona joto. Lakini ujue kuisoma. Setilaiti zenye jicho zuri, zile za VIIRS zinazoona mraba wa mita 375, zinapita kama saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku, halafu data inachukua hadi masaa matatu kufika. Moto ulioanza saa tisa alasiri hutauona mpaka usiku wa manane, na mawingu yakifunika hutauona kabisa. Nukta moja moja kwenye mashamba ya Trans Nzoia mwezi wa kwanza na wa pili zisikutishe, hao ni wakulima wanachoma mabua ya mahindi wakitayarisha shamba, jioni zimezima. Inayonitia wasiwasi mimi ni nukta tatu nne zilizoshikana juu ya mstari wa msitu, zikionekana usiku pia, na kesho yake zimehama. Hiyo ni moto unaotembea. Anza kuangalia siku kumi kabla, kila siku dakika mbili tu, ili ikifika siku ya safari unajua ni nini cha kawaida hapo na ni nini kigeni.

Tuje kwa zile apu zako tatu. Hazibishani kwa sababu moja ni mwongo, kila moja inasoma hesabu tofauti. Ile ya Ulaya, ECMWF, mraba wake ni kama kilomita 9, ile ya Marekani, GFS, ni mikubwa zaidi ya hapo, na mlima kwa macho ya kompyuta umesawazishwa, kilele chake kimekua kifupi kuliko kweli. Mvua ya kwetu nyingi ni ya wingu moja linaloumuka alasiri, linanyesha upande huu na kilomita tano pale kavu, sasa hesabu gani itajua bonde lako? Asilimia 40 ya mvua siku ya pili usiisome kama "itanyesha" au "haitanyesha". Isome kama "saa nane nikiwa juu ya kilele wazi naweza kukutana na radi", basi panga uwe umeshateremka kilele kabla ya saa saba, iwe imenyesha au haijanyesha. Wewe ni mtu wa Kisumu, radi za alasiri unazijua zaidi yangu, upepo wa ziwa unapoingia bara mchana na kusukuma mawingu kuelekea Nandi na Kakamega. Februari zinapungua lakini haziishi, na wiki za mwisho zinaanza kurudi.

Kitu cha kuangalia kwenye hizo apu ni upepo na unyevu wa hewa, vitu ambavyo watu wanaruka. Unyevu ukiwa chini ya asilimia 30 mchana siku tatu mfululizo na upepo unakaribia kilomita 30 kwa saa, nyasi ziko tayari kuwaka na zikiwaka hazizimiki kirahisi. Kuna wataalamu wa moto wanaoongeza na joto la digrii 30 kwa hiyo kanuni, lakini mita 3,500 hapafiki digrii 30 hata siku moja, kwa hivyo hiyo ya tatu achana nayo, mlima wetu unawaka ukiwa na baridi. Pia msome utabiri wa idara ya hali ya hewa ya Kenya wa siku saba, hauna michoro mizuri lakini umeandikwa na watu wanaojua tofauti ya Bungoma na Turkana. Na joto jihesabieni wenyewe, Kitale iko kama mita 1,900 na Koitobos ni 4,222, kila mita 1,000 unapoteza kama digrii sita na nusu, kwa hivyo apu ikisema Kitale usiku digrii 12, kule juu ni chini ya sifuri. Slipingi begi ya kukodi ile nyembamba itawaumiza.

Nikupe kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita nilikua na kikundi kidogo kwenye milima ya Cherangani, Februari, anga safi, utabiri safi, ramani kijani. Saa nne tukaona uzi wa moshi chini kabisa bondeni, umesimama wima kama mwanzi, nikasema huo ni mchoma makaa, uko mbali. Saa sita nikiwa nakoroga uji nikaona kitu cheusi kimeanguka ndani ya sufuria, chembamba, kimejikunja, nikakitoa na kijiko nikaona ni jani la nyasi, umbo lake lote lipo, mishipa yake ipo, limeungua tu. Likafuatiwa na lingine. Nikaangalia bondeni, ule uzi ulikua haujasimama tena, ulikua umelala kuelekea kwetu. Niliacha uji pale pale. Tulishuka kwa upande wa kijito, mahali nyasi zilikua fupi zimeliwa na kondoo, na nusu saa baadaye mahali tulipokua tumekaa hapakuonekana. Hakuna aliyeumia, lakini kile kijiko nakikumbuka kila nikifungua apu ya hali ya hewa. Moshi uliosimama wima unakuambia sasa hivi hakuna upepo, haukuambii saa sita itakuaje.

Kwa hivyo mkiwa juu, moshi ukilala kuelekea kwenu, au majivu yakianza kuanguka, msingoje kuona miali. Moto unapenda kupanda, kila mteremko ukiongezeka digrii kumi kasi yake inakua kama mara mbili, hamtaushinda mbio mkiwa mmebeba mabegi mkielekea juu. Teremkeni kwa pembeni, mtoke kwenye njia ya upepo, mtafute mahali hapana cha kuungua: mwamba mtupu, kinamasi, uwanja uliochungwa ukabaki udongo, au hata mahali palipokwisha ungua pakapoa. Msijifiche kwenye mianzi na msiingie kwenye kibonde chembamba kinachopanda, hicho ni bomba la moshi. Na nyie wenyewe msiwashe moto wa kuni hata kama jioni ni baridi kiasi gani, bebeni jiko la gesi, mliweke kwenye mwamba, na sigara zibaki Kitale.

Uamuzi ugaweni mara tatu, na muandike kabla ya safari, kwa sababu mkishalipa na kubeba mabegi kila mtu anakua na matumaini. Siku kumi kabla mnaangalia ukavu na nukta za FIRMS, bado hamjalipa chochote. Siku mbili kabla mnapiga simu geti la Chorlim na mnampigia mtu yeyote mnayemjua Endebess au Kapsokwony, muulize maswali mawili tu, "leo asubuhi mlima unaonekana?" na "moshi unatoka upande gani?" Huyo mama wa duka aliyeanika mahindi nje anajua kuliko setilaiti. Kama mna mtu Chepkitale kwa Waogiek, huyo ndo bora kuliko wote, wanaishi na ule upepo. Halafu mara ya tatu ni asubuhi yenyewe, mkifika Endebess. Chagueni kilima au mnara ambao umbali wake mmeupima kwa ramani ya simu. Kama hakuna ukungu na kitu cha kilomita 8 hakionekani, mwenye pumu asipande. Kitu cha kilomita 5 kisipoonekana, hakuna wa kupanda. Hii ni kanuni inayotumika magharibi mwa Marekani wakati wa moshi, na uzuri wake haihitaji mashine wala bando.

Na mkikosa Elgon muwe na pa kwenda, la sivyo mtalazimisha. Msiseme basi twende Longonot au Menengai, huko ni nyasi kavu zile zile. Nendeni msitu wa Kakamega, ni msitu wa mvua, una unyevu hata Februari, mko njiani tayari kwa sababu mmetoka Kisumu kupitia pale. Mnaweza kuingilia Buyangu au Isecheno, mpande kilima cha Lirhanda asubuhi, muende maporomoko ya Isiukhu, mlale siku mbili. Moshi wa mbali unaweza kufika hata huko lakini hamtakua mita 4,000 mkiwa mmebanwa.

Muachie mtu mmoja nyumbani ratiba yenu kwa karatasi, geti mtakayotokea na saa, na akiona yamepita masaa sita baada ya hiyo saa bila habari apige KWS na Msalaba Mwekundu kwa 1199. Netwaki kule juu inakuja na kuondoka, skrini shoti za ramani na utabiri mzichukue Kitale kabla.

Kuhusu mdogo wako, kwanza amuone daktari wake mwezi mmoja kabla, si wiki moja, amuulize wazi kama anaruhusu mita 4,000 na baridi. Yeye ndo awe na sauti ya mwisho kuhusu kugeuza na msimbishie, asiulizwe "unaweza kuvumilia?" maana kijana akiwa na wenzake atasema ndio. Leso na maski ya kitambaa hazizuii hizo chembe, mnunulie N95, ikae usoni bila pengo, na kama anafuga ndevu azinyoe safari hii kwa sababu maski haishiki juu ya ndevu. Hata hivyo kupanda mlima na N95 ni kazi, hiyo maski ni ya kutokea kwenye moshi, msiifanye sababu ya kuingia. Abebe inhela mbili, moja kwake na nyingine kwako, na zisikae kwenye mfuko wa nje wa begi, inhela ya gesi ikipata baridi haitoi dawa vizuri. Aiweke mfuko wa ndani wa jaketi karibu na mwili, na usiku alale nayo ndani ya slipingi begi.